Chupa ya Dada, Sufuria ya Dada

Mpwa wangu ana daftari la sayansi na mdomo usiopoa. Jioni ile alinisomea: "Badiliko la kiumbo hurudi lilivyokuwa, la kikemikali halirudi. Sasa mjomba, chupa ya mama ni badiliko gani?"

Chupa yenyewe ilikuwa ndani ya friza. Bwana mdogo alikuwa ameijaza maji pomoni na kukaza kizibo kwa meno. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kioo hakina subira ya namna hiyo. Tukakuta barafu imelala peke yake, ina shingo na kitako, chupa imetapakaa kando yake vipande vipande.

"La kiumbo," nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Kioo kimevunjika, lakini bado ni kioo."

"Basi irudi."

Hapo ndipo daftari linapoponza watoto wa watu. Karatasi ukiichana hairudi, na bado ni karatasi. Betri ya simu unaichaji kila siku inarudi, na mle ndani ni kemia tupu. Cha kuuliza ni kama kimezaliwa kitu kipya, basi: kikizaliwa ni la kikemikali, kisipozaliwa ni la kiumbo.

Mtoto akanikodolea macho. Nikachukua sufuria ya dada, ile anayoifungia kabatini, nikamimina sukari na kuwasha moto.

Sukari ikalegea ukingoni, ikawa rangi ya asali, jiko likanukia hadi mpwa akanyoosha kidole. Nikamchapa mkono: ile inaunguza kuliko maji ya moto. Ikawa kahawia, ikatoa viputo, halafu moshi wa kuwasha macho. Mtoto anakohoa huku anaandika.

"Molekuli ya sukari ina kaboni 12, haidrojeni 22, oksijeni 11," nikamwambia, machozi yananitoka. "Moto unafukuza haidrojeni na oksijeni, nyingi zinatoka kama mvuke wa maji. Kinachobaki..."

"Mnachoma nini humu?" Dada huyo, mlangoni.

"Mjomba anazalisha kaboni," mtoto akajibu.

Dada akachungulia. "Sufuria yangu irudi. Kiumbo, kikemikali, mtajua wenyewe."

Tukamwagia magadi soda na siki. Loo! Povu lilifoka hadi sakafuni, dioksidi ya kaboni inachemka kama ina kesi na mtu. Lilipotulia, ule weusi ulikuwa palepale, haujatikisika hata kidogo. Siki haina ugomvi na kaboni. Ukabaki waya wa kusugulia na mabega yangu.

"Mjomba, kusugua ni badiliko gani?"

"La kiumbo."

Akaandika. "Na jasho likikauka?"

"La kiumbo."

"Na mama akikasirika?"

"Shika waya, usugue."