Ukimya Uliolipiwa: Kuisoma Riwaya ya Stieg Larsson Tukiwa Uganda

Anayetaka kuisoma riwaya ya kwanza ya Stieg Larsson bila kuujua mwisho wake na aishie hapa, maana hoja yangu imo kwenye mwisho huo. Wasomaji wengi niliowasikia wakiijadili Kampala hubishania jambo jingine: kulikuwa na haja gani ya kuueleza ubakaji kwa undani kiasi kile? Swali hilo ni la haki. Lakini limetushughulisha mno hata tukasahau kuuliza kwa nini mwandishi wa habari ambaye ndiye shujaa wa kitabu, baada ya kugundua mauaji ya wanawake wengi, anakubali kunyamaza.

Larsson mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari nchini Uswidi, mtu aliyetumia miaka mingi kuyafichua makundi yenye siasa za chuki. Alifariki Novemba 2004 bila kuiona hata riwaya yake moja ikichapishwa. Hii ya kwanza ilitoka 2005, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka 2008 kwa jina la The Girl with the Dragon Tattoo. Ndiyo tunayoisoma sisi, kisha tunaizungumza kwa Kiswahili. Shujaa wake, mwandishi wa habari Mikael Blomkvist, aliyetoka kushindwa katika kesi ya kumkashifu tajiri mmoja, anaajiriwa na mzee Henrik Vanger amtafutie habari za Harriet, mjukuu wa kaka yake, aliyetoweka mwaka 1966 akiwa na miaka 16. Anasaidiwa na Lisbeth Salander, mwanamke kijana, mdukuzi wa kompyuta, ambaye serikali imemweka chini ya msimamizi kana kwamba hajiwezi.

Wanaoitetea riwaya hii wana msingi. Sehemu zake hufunguliwa kwa takwimu: asilimia 18 ya wanawake wa Uswidi wamewahi kutishwa na mwanamume, asilimia 46 wamewahi kufanyiwa ukatili na mwanamume. Nchi inayosifiwa dunia nzima kwa usawa wa kijinsia inaonyeshwa na mwenyeji wake jinsi ilivyo ndani. Wakili Bjurman, msimamizi wa Salander, ndiye anayeshika pesa zake za benki, na kwa pesa hizo anamlazimisha kingono. Msichana yeyote wa Kampala aliyewahi kudokezewa na mkubwa wa ofisi kwamba kazi ina bei nyingine anauelewa ukurasa ule bila kuelezwa Stockholm iko wapi.

Wanaoipinga wanasema mwandishi anakula huku na huku, anaulaani ukatili na papo hapo anauuza. Nakubaliana nao nusu. Mambo ya Bjurman yanatufundisha namna mamlaka ndogo inavyogeuka kuwa minyororo, na bila hayo hatungemwelewa Salander. Chumba cha mateso cha muuaji, kinyume chake, kimeandikwa kama sinema, na ungeweza kukipunguza nusu usipoteze kitu. Kisasi cha Salander kwa Bjurman nacho kinamfurahisha msomaji haraka mno, hata asahau kwamba sheria haikufanya lolote.

Sasa tuje kwenye mwisho. Harriet aliacha katika shajara yake majina matano yenye tarakimu. Blomkvist anazidhania namba za simu, mpaka binti yake anapomwonyesha kuwa ni aya za Biblia, za Mambo ya Walawi. Kila jina ni la mwanamke aliyeuawa. Baba yake Harriet, Gottfried, ndiye aliyeanza. Kaka yake Harriet, Martin, akaendeleza kwa miaka mingi, akiwachagua hasa wanawake ambao hakuna ambaye angewaulizia, wengi wao wageni. Martin anafichuliwa, anakimbia kwa gari, anajigongesha na lori na kufa. Polisi wanaona ajali tu. Wakili wa familia anaomba mambo yasitoke nje. Salander anaitaka familia ilipe pesa kila mwaka kwa makimbilio ya wanawake. Blomkvist anakubali kwa moyo mzito. Hakuna kesi wala makala.

Msomaji wa Uganda hawezi kupita hapo kwa haraka. Mwaka 2017 zaidi ya wanawake 20 waliuawa katika maeneo ya Nansana na Entebbe, wilayani Wakiso. Maelezo yakapishana: mara ushirikina, mara kafara ya utajiri, mara ugomvi wa kimapenzi. Tarehe 30 Juni 2018 wanawake waliandamana Kampala kudai mauaji na utekaji nyara ukome. Sisi tuliolelewa na hadithi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye mpelelezi wake, Bwana Msa, amekuwa akifumbua mafumbo vitabuni tangu 1960, tumezoea kwamba fumbo likishafumbuliwa huelezwa. Huku kwa Larsson ukweli unapatikana, halafu unafungiwa.

Hoja ya kuutetea ukimya huo ni nzito. Harriet yu hai, anafuga kondoo Australia. Alibakwa na baba yake, kisha na kaka yake, na habari ikichapishwa maisha yake yatakuwa ya kila mtu. Salander anamwuliza Blomkvist lipi baya zaidi, lile Martin alilomtendea Harriet au lile atakalomtendea yeye kwa kuandika. Tunaoyaona magazeti ya udaku yakianika sura ya aliyebakwa kabla mtuhumiwa hajafikishwa mahakamani hatuwezi kulidharau swali hilo.

Lakini upande wa pili naufahamu kwa jina letu: kuyamaliza nyumbani. Familia ya mtendaji inakaa na familia ya msichana, pengine mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiwa shahidi, pesa au mbuzi wanatolewa, na faili haifunguliwi. Kila mmoja pale anasema anamlinda msichana. Mara nyingi linalolindwa ni jina la ukoo. Kwa akina Vanger ni hivyo hivyo: siri inayomlinda Harriet inailinda na kampuni ya familia, na inayolipa ni kampuni. Takwimu nyingine ya Larsson mwenyewe inasema asilimia 92 ya wanawake wa Uswidi waliodhulumiwa kingono hawakuripoti polisi tukio la karibuni zaidi. Ameiweka mwanzoni mwa sehemu ileile ambamo shujaa wake naye haripoti, asiseme neno juu ya hilo.

Mimi naona Blomkvist alikosea, na si kwa sababu Harriet hakustahili faragha. Rebecka Jacobsson, mmoja wa wanawake wale watano, aliuawa mwaka 1949. Gottfried alikwisha kufa kabla hata Harriet hajatoweka, na Salander aliifuatilia mienendo ya wauaji kupitia nyaraka za zamani za kampuni, si kwa maungamo ya Harriet. Polisi wangeweza kupewa nyaraka hizo. Kuzitatua kesi za wanawake wale hakukuhitaji kusema nani alibakwa nyumbani kwa akina Vanger. Ukoo ungeaibika, ndiyo, na watu wangenong'ona. Lakini wachunguzi wawili waliofaulu kuusoma uovu wa miaka zaidi ya 50 hawakutafuta njia hiyo hata kwa siku moja.

Kitabu hiki nakipendekeza kwa watu wazima, na kwa wanaume kabla ya wanawake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima, na hao wanafunzi wakikua watadai riwaya zao. Natamani mmoja wa waandishi wetu aianze kazi pale Larsson alipoiacha: mpelelezi wa jinai kutoka makao makuu ya upelelezi ya Kibuli, Kampala, mafaili ya Wakiso, na sura ndefu, ndefu kuliko ile ya chumba cha mateso, ambamo familia moja moja inaitwa na kuambiwa nani alimwua binti yao, na tangu lini polisi walijua.