Timu yako ikishikwa imenunua mechi, we shabiki unasimama wapi?

Kwenye kashfa za mpira kuna kitu kinaniuma kuliko hata wizi wenyewe, nacho ni vile mashabiki tunavyomfanya yule aliyesema ukweli. Chukua Marseille ya 1993. Tarehe 20 Mei wana mechi ya ligi na Valenciennes, siku sita mbele wana fainali ya Ulaya na Milan kule Munich, kwa hiyo kuna watu pale klabuni wanataka ubingwa wa Ufaransa uishe mapema na wachezaji wafike fainali wazima bila kupigwa miguu. Kiungo wao Jean-Jacques Eydelie akawapigia simu wachezaji watatu wa Valenciennes walegeze: Christophe Robert, Jorge Burruchaga (ndo yule Muargentina aliyefunga goli la ushindi fainali ya Kombe la Dunia 1986) na beki mmoja anaitwa Jacques Glassmann. Glassmann akakataa, akaenda kumwambia kocha wake. Marseille wakashinda 1-0, na baadae polisi wakachimbua faranga 250,000 zimefukiwa bustanini kwa jamaa wa Robert.

Sasa unadhani nani alizomewa? Glassmann! Viwanja vingi vya Ufaransa alikuwa akigusa mpira wanampigia miluzi, eti msaliti. Mtu aliyekataa hela.

Hapo ndo mi nagombana na mashabiki wenzangu, ila sio kwamba siwaelewi, nawaelewa sana. Shabiki hakukaa kwenye kile kikao cha kupanga, hakupiga simu, hakubeba bahasha, yeye alinunua tiketi na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka, halafu siku ya hukumu anayeumia ni yeye. Marseille walivuliwa ubingwa wa ligi wa 1993, wakazuiwa kutetea kombe lao la Ulaya, 1994 wakashushwa daraja, na hata walipomaliza wa kwanza huko chini 1995 hawakupanda kwa sababu ya madeni, mpaka 1996. Bosi wao Bernard Tapie alifungwa ni kweli, lakini ile misimu miwili ya daraja la pili aliyekaa jukwaani kuiangalia ni shabiki. Kwa hiyo mtu akikwambia adhabu inampiga asiyehusika, usimcheke, ana pointi.

Na hata ile hoja ya "mbona na wengine" sio ya kijinga moja kwa moja. Juventus ya Italia 2006, zile simu za bosi wao Luciano Moggi na wapanga marefa zilipotoka, walinyang'anywa ubingwa wa misimu miwili wakatupwa Serie B, daraja la pili la kule, na ule wa 2006 wakapewa wapinzani wao Inter. Miaka mitano mbele mwendesha mashtaka wa shirikisho, Palazzi, akaandika ripoti kwamba Inter nao walikuwa na simu zao za kujibu, ila muda wa kuwashtaki ulishapita. Ukiwa shabiki wa Juventus hapo utalala kweli? Mi nisingelala. Kwa hilo nawapa haki yao kabisa, Inter walitakiwa waulizwe mapema kama wengine.

Lakini simu za Inter hazifuti simu za Moggi. Hapo ndo tunapojidanganya, tunachukua kosa la jirani tunalifanya cheti cha usafi wetu. Kesi ya jinai ya Moggi nayo ilipoisha 2015, shtaka kubwa la kuunda mtandao lilikufa kwa kupitwa na muda, na kuna watu wanalisimulia kama vile mahakama ilimwambia ni msafi, wakati hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba viongozi wa aina hii wanatujua, wanajua tutawatetea kwa sababu tunaipenda jezi, ndo maana wanajiamini hivyo, mapenzi yetu yanakuwa ukuta wao wa kujifichia.

Halafu kuna shabiki ambaye huwa hatajwi kabisa, wa Valenciennes. Msimu ule ule timu yake ilishuka daraja, na mojawapo ya mechi ilizopoteza ni ile ambayo wachezaji wake wawili walishaongea na wapinzani. Ukimwambia huyo kwamba "kila mtu anafanya", umemjibu nini?

Kubaki na timu sina tatizo nako, tena nakuheshimu. Del Piero, Buffon na Nedved walibaki Juventus wakacheza Serie B wakati Ibrahimovic na Vieira wamehamia Inter, na mashabiki waliowafuata huko chini mi naona ndo mashabiki hasa. Hawakuhitaji kukana kitu ili wapende. Shida inaanza pale kubaki kunapokuja na masharti, kwamba lazima tukubali wote kuwa tumeonewa, na anayeuliza swali sio mwenzetu.

Goli la beki wa Marseille Basile Boli lililoipiga Milan 1-0 kwenye ile fainali ya Munich bado linahesabika, kombe lile Marseille wanalo na wana haki ya kulifurahia. Ila Glassmann alipewa tuzo ya Fair Play (mchezo wa haki) na FIFA mwaka 1995, yule yule waliyempigia miluzi, na ubingwa wa Ufaransa wa 1993 mpaka leo hauna mwenyewe, maana PSG, timu ya Paris, walioshika nafasi ya pili waliukataa.