Feloni au la? Swali hilo halimo kwenye sheria ya jeshi la Marekani

Wakenya na Watanzania walioko Marekani hubishana sana kama hukumu ya mahakama ya kijeshi ya Marekani ni feloni, yaani kosa kubwa la jinai, kwa sababu wapo ndugu zao waliovaa magwanda. Ubishi huanza vibaya pale mtu anapotumia kipimo cha nyumbani. Kwetu kosa kubwa ni lile linalobeba miaka 3 jela au zaidi. Sheria ya shirikisho la Marekani inauliza kama adhabu ya juu inazidi mwaka 1, na sheria ya kijeshi yenyewe haigawi makosa kuwa feloni na makosa madogo.

Watu hukimbilia jina la mahakama: mahakama kuu ya kijeshi ni feloni, mahakama maalumu ni kosa dogo. Nusu ya hayo ni kweli. Mahakama maalumu haiwezi kufunga mtu zaidi ya mwaka 1, kwa hiyo haivuki mstari. Ile ya muhtasari, ya ngazi ya chini kabisa, huishia kifungo cha siku 30, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1976 kwamba hiyo si kesi ya jinai hasa. Adhabu anayotoa kamanda chini ya Ibara ya 15 ya sheria ya kijeshi, bila mahakama, si hukumu kabisa.

Lakini kupita mahakama kuu peke yake hakutoshi. Chukua utoro wa zaidi ya siku 30. Aliyerudi mwenyewe, kifungo cha juu ni mwaka 1. Aliyekamatwa, miezi 18. Kosa ni lile lile, na uraiani kutoroka kazini si jinai hata kidogo, ila huyu wa pili anaingia kwenye marufuku ya shirikisho ya kumiliki silaha, inayoangalia adhabu ya juu ya kosa, hata kama alifungwa wiki mbili tu. Wa kwanza naye asishangilie mapema: akifukuzwa kwa fedheha, silaha anazikosa kwa kifungu kingine. Kuachishwa kwa mwenendo mbaya hakuna athari hiyo.

Kwa hiyo usitegemee fomu ya DD-214, ile anayopewa anayetoka jeshini. Tafuta karatasi ya mashtaka, DD 458, pamoja na hukumu iliyosajiliwa. Soma namba ya ibara, aina ya mahakama na mazingira yaliyothibitishwa, kisha linganisha na adhabu ya juu kwenye mwongozo wa mahakama za kijeshi. Sheria za majimbo zina vipimo vyake, basi angalia na jimbo unaloishi. Na anayeomba uraia ajue fomu ya N-400 inauliza kama uliwahi kushtakiwa kwenye mahakama ya kijeshi, bila kujali ilikuwa ipi.