Gari imefeli kipimo cha moshi sababu ya spea ulizofunga, kosa ni la nani?

Kuna ubishi hauishagi kati ya wenye magari na wapimaji wa moshi. Mtu kafunga ekzosi mpya, au masega (kile kisafisha moshi kinachokaa kwenye bomba la ekzosi) ya bei nafuu ambayo siyo ya kampuni iliyotengeneza gari, gari inavuta fresh, moshi hauonekani, halafu akienda kupima anaambiwa imefeli. Mwenye gari anasema anaonewa, mpimaji anasema sheria ndo hiyo, na ukiwasikiliza vizuri unakuta mara nyingi hata hawaongelei kitu kimoja.

Maana kufeli kwenyewe kuko namna tatu. Kuna kufeli kwa gesi, yaani mashine imechomekwa nyuma kwenye ekzosi ikakuta kaboni monoksidi au haidrokaboni imezidi. Kuna kufeli kwa kompyuta, taa ya cheki injini inawaka au kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, haijamaliza kujipima. Halafu kuna kufeli kwa macho, mpimaji kafungua boneti kakuta kitu hakina kibali, au kilichotakiwa kuwepo hakipo. Karatasi ya majibu inakuandikia ni ipi kati ya hizo, ila watu hawaisomi, wanakimbilia kununua masega mengine wakati shida ilikuwa gasketi.

Kwenye gesi sioni pa kubishana sana, hapo ni fizikia. Masega yanafanya kazi vizuri pale hewa na petroli zinapokuwa karibu na uwiano wa 14.7 kwa 1, na anayeulinda huo uwiano ni sensa ya oksijeni iliyokaa mbele ya masega. Sasa umebadilisha manifoldi ya ekzosi ukaweka ya kampuni nyingine, haijakaa sawasawa, inavuta hewa ya nje kidogo tu kwenye maungio, sensa inaiona hiyo hewa inaamini petroli ni ndogo, kontroli boksi inaongeza petroli, na kaboni monoksidi inapanda. Spea yenyewe inaweza isiwe mbovu kabisa, ufungaji ndo umeharibu. Ni hivyohivyo kwa zile eya klina za kupaka mafuta, ukizidisha mafuta yanaenda kukaa kwenye sensa ya kupima hewa, na sensa ikidanganywa injini nzima inadanganyika.

Masega ya bei rahisi yana kesi yake na hapa wenye magari wana hoja nusu. Kinachosafisha moshi mle ndani ni madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na hayo madini ndo yanafanya masega ya kiwanda yawe na bei ya kuumiza. Anayetengeneza ya bei rahisi mara nyingi anapunguza hapohapo kwenye madini. Yakiwa mapya yanapita, baada ya muda nguvu inaisha, sensa ya nyuma inaanza kucheza sawa na ya mbele, kompyuta inaandika kodi (namba ya kosa) P0420, maana yake masega hayasafishi tena inavyotakiwa. Ukimwambia mwenye gari ya zamani anunue ya kiwanda, bei ya masega inakaribia ya gari yenyewe, afanyeje? Lakini nusu ya pili ya hoja wanairuka. Masega mara nyingi hayajifii yenyewe, yanauliwa na injini inayokula oili au inayomisi, petroli isiyoungua inaenda kuungulia mle ndani. Kwahiyo aliyebadilisha masega akaacha injini inamisi, hata ya kiwanda angeyaua tu. Lawama zote anaishia kuipa spea.

Sasa tuje kwenye kufeli kwa macho, ubishi wenyewe uko hapa. California ndo wakali kuliko wengi, wana bodi yao ya hewa, CARB, na spea ya kampuni nyingine inayobadilisha mfumo wa moshi, masega yakiwemo, inatakiwa iwe na namba ya idhini ya hiyo bodi. Haina namba? Umefeli, hata kama gesi ni safi kabisa. Na tangu Julai 2021 wanaangalia mpaka programu iliyo kwenye kontroli boksi, ukiwa umeirimapu, yaani umeibadilisha, bila idhini umekwisha. Mwenye gari anauliza swali zuri tu, nyie mnapima hewa au mnapima makaratasi? Kama lengo ni hewa safi na hewa yangu ni safi, namba inahusu nini?

Na anaongeza lingine zito zaidi, kwamba kiwanda chenyewe siyo malaika. Septemba 2015 Volkswagen ilibanwa Marekani, magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu inayojua sasa hivi napimwa, inabana moshi, ikitoka barabarani inauachia, oksidi za nitrojeni mpaka mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Hayo yalikuwa na kila kitu orijino. Kwahiyo orijino na safi siyo kitu kimoja.

Hoja inaingia akilini, ila mimi naona inamgeukia mwenyewe. Volkswagen zilikuwa zinapita kwenye mashine! Kama lile sakata lilifundisha kitu ni kwamba dakika chache za kipimo hazisemi gari inafanya nini ikiwa kwenye mlima, ikiwa baridi, ikiwa imebeba mzigo. Namba ya idhini maana yake kuna mtu ameipima ile spea kabla haijafika kwako. Ukisema mashine peke yake inatosha unawafungulia mlango hao hao uliokuwa unawalaumu. Na wanaochezea siyo wachache, ripoti ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ya Novemba 2020 ilikadiria pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zimetolewa mifumo ya kusafisha moshi ndani ya kama miaka kumi, Marekani peke yake. Uingereza nao tangu Mei 2018 dizeli ikikutwa filta yake ya masizi imechezewa, inafeli hapohapo.

Ila sikubali kwamba kila spea ipimwe kwa ukali uleule. Masega, filta ya masizi na programu, sawa, bana mpaka mwisho. Bomba la kuingiza hewa ambalo halijagusa sensa wala halijabadilisha gesi, kumfelisha mtu kwa kukosa stika ya idhini ni kumkomoa tu, na matokeo yake kila mtu anayajua, watu wanafunga spea za kiwanda siku ya kipimo, kesho yake wanarudisha zile zile. Hapo hewa imefaidika nini?

Kingine kinachoniudhi ni wauzaji. Marekani marekebisho ya sheria ya hewa safi ya 1990 yalikataza hata kutengeneza na kuuza spea ambayo kazi yake kubwa ni kuua mfumo wa moshi, siyo kuifunga tu. Lakini spea zinauzwa na maandishi madogo "kwa matumizi ya mashindano tu", muuzaji ameshachukua hela yake, na aliyesimama kwenye foleni ya kupimwa ni wewe.

Anayeumia zaidi ya wote ni mtu wa pili, yule aliyenunua gari mkononi tayari imeshachezewa na hajui. Huyo kabla ya kulipa apeleke gari ikasomwe kwa kompyuta, na asiishie kuangalia taa kama imezima, aangalie kama vipimo vya ndani vya kontroli boksi vimekamilika. Kufuta kodi asubuhi ni rahisi, taa inazima, ila vile vipimo vinarudi sifuri na havijazi mpaka gari itembezwe kwa mizunguko yake. Mwongozo wa EPA kwa magari ya petroli ya 2001 kuja juu unaruhusu kimoja tu kiwe hakijakamilika. Ukikuta vinne havijakamilika na muuzaji anakwambia betri ilikuwa imechomolewa juzi, omba muizungushe kwanza kwa siku kadhaa ndo mrudi mezani, na kama ekzosi siyo ya kiwanda muulize ile ya zamani aliiweka wapi, iingie kwenye bei.