Pedi ya Mjomba

Naona tangu jana asubuhi kuna mtu anasambaza kwamba mimi nimekutwa na pedi mbele ya wakwe. Huyo mtu namjua, juzi tu tumekula nae mihogo Raskazone na bajaji nililipa mimi. Sasa kabla haijafika Muheza na Korogwe ikiwa imeota mkia, ngoja niseme mwenyewe. Ndiyo, pedi ilikuwepo. Ndiyo, ilikuwa yangu. Ila ni pedi ya GEMU jamani, ya PlayStation, ya kubonyeza!!

Haya. Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa PES, gemu la mpira, kwenye simu, ile ya PPSSPP, app ya kuchezea gemu za PSP, na kidole gumba changu kimeshaota sugu kwa kusugua kioo. Wiki iliyopita nikapata pedi ya PS4 iliyotumika, DualShock 4 kabisa, kwa jamaa mwenye banda la gemu huko Makorora alikuwa anapunguza vitu. Nimefika home nawasha blututhi, nabonyeza kile kitufe cha katikati chenye nembo, taa inapepesa inapepesa inazima. Nabonyeza tena, inazima. Nusu saa nzima. Nishamtukana jamaa kimoyomoyo kwamba kanipiga, kumbe pedi ya watu inamtafuta bwana wake wa zamani, maana ukibonyeza kitufe hicho kimoja tu inaita ile mashine iliyoizoea, nayo mashine iko Makorora, inaita haijibiwi. Ukitaka ikubali simu mpya unashikilia kitufe cha Share pamoja na hicho cha katikati, usiachie mpaka taa ianze kupepesa harakaharaka. Hilo nimelijua baada ya kuazima pini ya mtandio ya mama kuchokoa kile kitundu cha nyuma cha kuirudisha upya. Pini imepinda. Mama ukiiona, ni panya.

Simu ikaandika Wireless Controller, nikagusa, ikakubali, usiku ule nimecheza mpaka saa nane.

Sasa kuna kitu nilikuwa nakijua ila nilikidharau. Pedi ikishaungana na simu haiendeshi gemu peke yake, inaendesha simu NZIMA. Mishale inatembea, X unaingia, duara unarudi nyuma. Na ikishazoeana na simu mara moja basi, siku nyingine mtu yeyote akigusa tu kile kitufe cha katikati inajiunga yenyewe, haiombi ruhusa kwa mtu, na ukuta mmoja wa chumba wala hauizuii. Shikeni hapo.

Jumapili kikao. Dada anaolewa, wakwe wanakuja kwetu Ngamiani tukubaliane bajeti ya shughuli. Hii ilikuwa mara yao ya pili, ya kwanza walileta barua. Baba mdogo kasema tuandike kwenye karatasi tu kila mtu ataona. Mimi nikasema baba mdogo, karatasi, zama hizi? Nikaipanga bajeti kwenye simu nikairusha kwenye TV ya sebuleni, imejaa kioo kizima, mchele, nazi, mbuzi, turubai, tarumbeta. Sauti nikaipitisha kwenye sabufa kwa sababu spika za TV zilishakufa. Hakuna aliyeniomba sabufa. Bajeti haina sauti! Nimeunganisha mwenyewe kwa mikono yangu hii hii ninayochapia hapa.

Wakwe wamejaa makochini, sie vijana mkekani, na huyo msambazaji wenu kajibanza karibu na mlango eti kaja kusaidia kugawa kahawa. Baba mdogo akasema "huyu kijana ndo fundi wetu wa mitambo", nikajifanya sijasikia ili arudie. Akarudia.

Tuko kwenye mchele. Mkwe mmoja anauliza kilo themanini zitatosha kweli, mimi nataka kujibu, nikaona kile kiboksi kinachoonyesha uko mstari gani kimeshuka. Kutoka mchele kikaenda nazi. Kutoka nazi kikaenda vitunguu. Nikagusa kioo nikakirudisha juu. Kikashuka tena, safari hii mbio, kimepita mbuzi, kimepita turubai, kikaenda kutua kwenye "mengineyo", na mengineyo ndo mstari ambao upande wetu tulikubaliana wakwe wasiuone mapema. Nikaona mkwe anatafuta miwani yake.

Afu bajeti ikajifunga. Ikarudi nyuma, ikarudi nyuma, tukafika kwenye uso wa simu. Mimi sijaigusa wallahi, mikono nimeinua juu kama beki anamwonyesha refa kwamba hajacheza rafu. Kitu kikawa kinaruka kutoka picha hii kwenda picha ile, kamera, kikokotoo, ujumbe, kinaruka kama kinachagua nguo dukani. Kikasimama kwenye WhatsApp. Kikaingia.

Bibi ndo wa kwanza kusema. Kasema taratibu kabisa, "Hiyo simu ina wenyewe."

Sasa sie watu wa Tanga mnatutania sana kwa mambo haya na siku zote tunakataa, ila pale hakuna aliyekataa. Shangazi kaanza Ayatul Kursi kwa sauti. Na mimi, fundi wa mitambo, badala ya kuizima ile simu, nimerudi nyuma hatua mbili. Tatu. Nimekanyaga birika la kahawa.

Mniulize nilikuwa naogopa nini. Chati ya juu kabisa ni ya huyo huyo wa mlangoni. Siku wakwe walipoleta barua nilimtumia voisi noti, ile ya usiku mkishashiba mnapiga umbea. Ingekuwa imeshazama huko chini zamani. Lakini asubuhi ile ile ya Jumapili mwenzenu kanirudishia, kaandika "sikiliza tena ufe". Kwa hiyo imekaa pale mwisho kabisa wa chati, mpya, inang'aa.

Kitu kikashuka juu yake.

"Oya mwanangu," sabufa ikasema. Sauti yangu. Besi imeshiba, madirisha yanatetemeka. "Hawa wakwe wa dada..."

Ikasimama.

Naombeni nieleze hiki kisayansi maana nimekifikiria siku mbili sijalala. X ya kwanza inaanzisha, X ya pili inasimamisha, X ya tatu inaendelea palepale ilipoishia. Mtu aliyekuwa anaibonyeza X hiyo, mahali alipokuwa, hakuwa na haraka yoyote duniani. Anabonyeza, anapumzika.

Kimya. Watu wote wanaiangalia TV. Baba mdogo kageuza shingo kuniangalia, shingo tu.

"...wamekuja watu kumi na nne..."

Ikasimama. Mkwe mmoja akatikisa kichwa, ni kweli walikuwa kumi na nne. Nikasema moyoni labda itaishia hapo, ni takwimu tu hizo, hakuna ubaya.

"...wamebeba halua..."

Ikasimama. Yule mama aliyeileta halua akatabasamu! Jamani akatabasamu. Hilo tabasamu nitakufa nalo.

"...utadhani kipande cha sabuni ya kufulia."

Hapo haikusimama, ikaunganisha. "Afu kuna mzee mmoja kavaa kofia ya kijani..."

Ikasimama.

Watu wazima ishirini na kitu wakageuka kwa pamoja kumwangalia mzee mmoja. Alikuwa kavaa ile ile. Mzee wa watu kashika kikombe cha kahawa hewani, hakinywi hakishushi, na yeye anaisubiri TV imwambie amefanya nini. Mimi najua kinachofuata. Sebule nzima ni mimi peke yangu najua, na huyo mwingine wa mlangoni, ambaye nilimwona kajifunika uso kwa sinia la vikombe, mabega yanacheza.

Nikaruka. Ningeweza kuiendea simu, ilikuwa mezani imelala, kitufe cha pembeni kimoja tu ningeizima. Lakini akili ya mtu aliyepaniki mnaijua, nikaenda kwenye ukuta nikachomoa waya wa TV. Nikavuta na ya sabufa pamoja. TV giza. Sabufa kimya. Nikageuka nikapumua, nikataka kusema jamani samahanini ni hitilafu ya umeme.

Sauti ikahamia kwenye simu.

Nyembamba sasa, kama ya nzi, lakini sebule ilikuwa kimya kiasi kwamba hata waliokuwa barazani wamesikia. "...kala pilau sahani tatu bila kuinua kichwa, anakula kama katangaziwa mwezi umeandama."

Shangazi akaacha Ayatul Kursi katikati.

Na hapo ndo pazia la chumbani likafunguka, akatoka mpwa wangu, mtoto wa dada mkubwa, miaka minne, kashika pedi kwa mikono miwili, taa yake ya buluu inawaka. Alikuwa kaitoa kwenye begi langu. Kakasirika kwelikweli. Kasimama katikati ya wakwe akasema kwa sauti yake yote:

"Mjomba, pedi yako mbovu! Naminyaminya haichezi!"

Wakwe walikuwa wamepita barua, wamepita sabuni, wamepita mwezi kuandama, yote hayo walikuwa bado wanayatafuna. Hili la pedi ndo likawashinda kumeza. Mama wa halua akamuuliza mwenzake kwa kunong'ona, ule mnong'ono wa watu wa pwani ambao unasikika mpaka bandarini, "Pedi? Ya mjomba?" Nikajibu haraka nikiwa nimeshika nyaya mbili mkononi, "Ndiyo mama, ni yangu, huwa naitumia usiku." NAITUMIA USIKU. Nilikuwa nataka kueleza gemu! Bibi akasema astaghfirullah. Mlangoni sinia la vikombe likadondoka.

Basi, yaliyobaki ni ya kawaida tu. Nimeomba radhi kwa magoti, mzee wa kofia kacheka mpaka kofia imemtoka, kasema sahani zilikuwa nne ila ya nne alikula jikoni, mama wa halua hajacheka na mpaka sasa hajacheka. Nimetozwa halua kilo tano kwa hela yangu. Bajeti imeandikwa upya kwenye karatasi, kaandika baba mdogo, kwa mwandiko mkubwa, huku kila mstari akinitazama. Harusi ipo. Mengineyo yamefutwa. Dada kaninunia siku moja na nusu, jana jioni kapita dirishani kwangu akasema "oya mwanangu" kwa besi, akaenda zake, kwa hiyo naona yameisha.

Halafu huyu msambazaji, badala ya kusimulia kama ilivyo, kaenda kijiweni kasema tu "jamaa kakamatwa na pedi ukweni, kakiri mwenyewe anaitumia usiku". Ya voisi noti karuka yote! Kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyenirudishia asubuhi ile. Nimepita Barabara ya 12 na baiskeli leo asubuhi, muuza mbaazi kaniuliza kama tumbo limetulia.

Wengi mnaniuliza pedi iko wapi. Bibi kaichukua. Nimemweleza yote, nimemwambia bibi ni blututhi tu, ni kama redio, kaniambia sawa mjukuu wangu, akaifukizia ubani, akaifunga kwenye kanga akaiweka juu ya kabati chumbani kwake, na nisiiguse. Mie nikaona yaishe. Hata kwenye simu sijaifuta, nilijua hakuna wa kuiwasha.

Usiku wa kuamkia leo saa sita hivi nimelala chali nasoma matusi yenu, simu ikaanza kutembea yenyewe. Chini. Chini. Kushoto. Ikaingia kwenye kikokotoo, ikatoka.

Nikaita, "Bibi!"

Ikasimama.