Mstari Mwekundu Juu ya Swali la Mtoto

Jumapili mtoto wa dada yangu alinifungulia daftari lake la fizikia. Chini ya somo alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: "Urani ya Shinkolobwe ilitoka wapi?" Mwalimu alilipiga swali mstari mwekundu, na pembeni akaandika: haimo kwenye programu. Hamu ya kula bukari iliniisha palepale.

Shinkolobwe ni mgodi ulio jirani na Likasi, safari ya asubuhi moja kutoka hapa Lubumbashi. Madini yake yalifikishwa New York mwaka 1940, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka humo. Hayo tunasimuliana hata kilioni. Lakini mtoto aliuliza jingine: kabla ya mgodi, kabla ya dunia yenyewe, ilitoka wapi? Swali hilohilo linawakesha wanafizikia Japani na Ujerumani. Mtoto wa Katanga akikatazwa kuliuliza, aulize nani?

Urani haiivi ndani ya nyota ya kawaida, wala sehemu kubwa ya dhahabu. Inataka mahali palipofurika nyutroni, zile chembe zisizo na chaji zinazokaa na protoni ndani ya kiini cha atomi, kama pale nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zinapogongana. Tarehe 17 Agosti 2017 mgongano wa aina hiyo ulinaswa, na mwanga wake ulionyesha dalili za elementi nzito zilizotoka kupikwa. Humo kiini cha atomi hubugia nyutroni hadi kishibe, kisha hakisogei mpaka nyutroni yake moja igeuke protoni. Kinakaa hapo muda gani? Kila kitu kinategemea jibu la swali hilo.

Anayeijua Kasumbalesa, mpakani na Zambia, atanielewa haraka. Foleni ya malori mpakani inatokana na muda ambao kila lori linakaa dirishani: wakichelewesha karatasi, malori yanarundikana. Viini vyenye nyutroni 126 viko kwenye mpaka kama huo. Vinakwama, vinarundikana, na rundo likishatulia ndilo linalotupa platini na dhahabu. Urani iko ng'ambo ya mpaka huo. Ukikosea nusu-maisha ya viini vya mpakani, yaani muda ambao nusu yake hugeuka, hesabu yako ya dhahabu inaharibika, na ya urani inaharibika nayo.

Ndiyo maana watu wanapima. Kwenye kituo cha utafiti cha RIKEN, mjini Wako, Japani, urani inarushwa kwa karibu asilimia 70 ya kasi ya mwanga, inagonga berili, metali nyepesi, na kupasuka. Sumaku zinachambua vipande, na kimoja kimoja kinazama ndani ya bapa jembamba la silikoni. Mashine inaandika mahali na wakati, kisha inasubiri elektroni itoke palepale, ishara kwamba nyutroni imegeuka protoni. Kuzunguka bapa hilo waliwahi kupanga mirija 140 ya gesi ya heliamu-3 ili kunasa nyutroni zinazotoroka. Kuna viini ambavyo havimalizi hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Huko Darmstadt, Ujerumani, kwenye maabara ya GSI, vilipimwa viini vilivyovuka nyutroni 126, na matokeo yakatolewa 2016.

Nakubali, shingo upande, kwamba viini vizito kabisa vilivyo kwenye njia yenyewe ya upishi huo wa nyotani bado havijafikiwa na mashine yoyote, na hapo watu wanategemea makadirio ya hesabu. Nakubali pia kwamba mwalimu ana darasa lililofurika na mshahara wa kusuasua. Ila kuandika "swali zuri, tutatafuta" kungemchukua wino uleule. Nchi hii ya Kongo ilikuwa na kinu cha nyuklia Kinshasa tangu 1959, cha kwanza Afrika! Inaniuma kwamba jiwe letu lilistahili kuvuka bahari, lakini udadisi wa mtoto wetu unaishia kwenye mstari mwekundu.

Jioni tulikusanya vifuniko 64 vya soda, kila kimoja kikiwa kiini cha atomi, tukavimwaga mkekani. Kila kilichoangukia mgongo tulikitoa, kwa sababu hicho kimeshageuka. Vikabaki 35. Tukamwaga tena: 16, kisha 9, kisha 3, akiandika kila hesabu kwenye ukurasa uleule, chini ya mstari mwekundu. Kikabaki kimoja. Tukakirusha mara moja, mbili, tatu, nne, na bado hakikugeuka. Mtoto akakiokota, akakisogeza karibu na taa.

"Mjomba, wenzake wote wameondoka. Hiki kinangoja nini?"