Semina ya Familia, Saa ya Chakula cha Jioni

Jumapili iliyopita, baada ya michango ya ujenzi na ndoa zinazotangazwa kwa mara ya pili, katibu wa usharika alitufahamisha kwamba wiki hii kutakuwa na semina ya kurejesha maisha ya sala katika familia, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, na kwamba wazazi wote wanaombwa kufika bila kukosa. Watoto wabaki nyumbani, akaongeza, kwa sababu ukumbi ni mdogo. Nilitazama kulia na kushoto nione kama kuna aliyetabasamu, lakini watu walikuwa wanaandika ratiba.

Kwa hiyo wiki nzima tutafundishwa namna ya kukaa na watoto wetu huku watoto hao wakila wali wao mbele ya televisheni. Wenye magari watarudi saa 3. Sisi wa daladala, tukipata usafiri, tutawakuta wamelala, na tutawafunika shuka kwa mujibu wa mafunzo tuliyopokea.

Sisi Walutheri, zaidi ya wengine, hatuna pa kujifichia katika jambo hili. Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani ambacho kila aliyepata kipaimara alikikariri kwa jasho, iliandikwa mwaka 1529, na Martin Luther, mwandishi wake, hakuielekeza kwa kamati wala kwa idara: sura baada ya sura, kichwa chake kinasema kwamba haya ndiyo mambo ambayo baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Humo humo, pamoja na sala za asubuhi na za usiku, akaweka sala za kabla na baada ya chakula, na ile ya kabla inaanza na maneno ya Zaburi ya 145: "Macho ya watu wote yakuelekea wewe, nawe huwapa chakula chao wakati wake." Aliona kwamba imani hukaa ndani ya mtoto pale inaposemwa mahali pale pale, na watu wale wale, kila siku, na hapakuwa na mahali pa namna hiyo ila pale watu wanapokula.

Torati ilikuwa imekwisha kuliona hilo kabla yake. Kumbukumbu la Torati 6:7 linaagiza maneno ya Mungu yanenwe "uketipo katika nyumba yako", nami ningependa kuambiwa ni saa ngapi nyingine familia ya Dar es Salaam huketi, kama si wakati wa kula. Katika Kutoka 12, Pasaka inaliwa nyumbani, na mafundisho yake yanaanza kwa swali la mtoto anayetaka kujua maana ya kinachofanyika mbele yake. Mtoto hawezi kuuliza swali hilo kama wazazi hawapo, na hataliuliza kwa miadi. Binti yangu aliwahi kutuuliza, kijiko kikiwa mkononi, kwa nini tunamshukuru Mungu kwa chakula ilhali baba ndiye aliyekinunua. Mimi nilikuwa bado ninatafuta jibu la kitheolojia wakati mama yake alipomwuliza mvua iliyootesha mpunga ule kule Kyela ilinunuliwa na nani, na kwa shilingi ngapi. Mtoto akafikiri, akacheka, akaomba aongezewe mchuzi. Sijui semina ambayo ingemfikishia jambo hilo kwa ufupi namna hiyo, na kwa hakika hakuna ambayo ingekuwapo saa ile alipolihitaji.

Sasa tazameni ratiba ya mkristo mwenye bidii katika usharika wa mjini. Jumanne na Alhamisi mama yuko kwenye mazoezi ya kwaya, Jumatano baba ana kamati ya ujenzi, Ijumaa kijana mkubwa yuko kwenye mkesha, Jumamosi kuna jumuiya na kisha kikao cha harusi ya mtu ambaye tumeonana naye mara chache, na Jumapili ibada ikiisha wazee wanabaki na ajenda zao hadi alasiri. Kila mmoja wao anamtumikia Mungu, na hakuna siku wanayoketi kula pamoja. Kisha mchungaji anapanda mimbarani kulaumu simu za mkononi. Simu zina makosa yao, lakini si simu iliyomwita baba kwenye kamati.

Nitakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo ambao ibada ya jioni ndiyo familia yao: mjane ambaye watoto wake wameondoka, na kijana wa chumba kimoja aliyekuja mjini kutafuta kazi. Nakubali pia kwamba muuguzi na mlinzi wa usiku hawapangi saa zao. Hao wana chai ya asubuhi, na Mungu hasikii sala ya mkate na chai kwa shida kuliko ya wali.

Msiniambie tu kwamba tunapoteza desturi za mababu. Katika nyumba nyingi za mababu baba alikula barazani na wageni wake, mama akala jikoni na watoto wadogo, na finyango nzuri zilijua njia ya barazani. Familia nzima kuketi pamoja, kwenye meza au kwenye mkeka, ni jambo ambalo wengi wetu tunapaswa kulianza, na hilo linataka uamuzi.

Tena kuna mtu ambaye hata nyumba zenye uamuzi huo humsahau. Katekisimu ile inataka watoto na watumishi wa nyumbani waje mezani pamoja, kwa adabu, mikono imekunjwa. Dada wa kazi katika nyumba zetu za kikristo anakula wapi? Anakula jikoni, amesimama, akisubiri kuitwa alete maji ya kunawa. Paulo aliwakemea Wakorintho vikali kwa sababu mmoja alikuwa anashiba huku mwenzake ana njaa, akahitimisha kwa agizo ambalo halihitaji mfafanuzi: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Tunalisoma tunapokwenda kwenye meza ya Bwana, kisha tunarudi nyumbani na kuanza kula kabla binti aliyepika hajakaa.

Usharika ukitaka kweli kuzisaidia familia, uchague jioni mbili za katikati ya juma ambazo mlango wa ukumbi utafungwa kwa kufuli, pasiwe na kwaya wala kamati. Kwa ajili ya wanaoishi peke yao, Kutoka 12:4 imekwisha kutoa utaratibu: nyumba yenye watu wachache ijiunge na jirani aliye karibu. Wazee wa jumuiya wanajua nani anakula peke yake mtaani mwao, basi wawagawe katika nyumba zenye watu. Ugali na mchicha vinatosha, na mwenyeji asichangishwe hela ya soda.